Bwawa la Tambarare Linalolisha Mji Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mabwawa makubwa yaliyojengwa nchi tambarare kuhifadhi maji ya kunywa ya miji, ambayo papo hapo ni makao ya ndege na uwanja wa wavuvi, waendesha mashua na watembea kwa miguu. Mifano mingi ni ya Uingereza, kwa kuwa kusini na mashariki mwa nchi hiyo mabwawa ya namna hii ni mengi. Ila maji hutulia, hupata joto na huota mwani kwa namna ileile popote.

Bwawa la tambarare lina tofauti gani na la milimani?

La milimani huzibwa kwenye bonde jembamba, mvua ya vilele hulijaza yenyewe, na maji yake ni baridi, ya kina kirefu na hayana rutuba nyingi. La tambarare ni pana, kina chake ni kifupi, na mara nyingi halijijazi lenyewe: maji husukumwa kwa pampu kutoka mto uliopita katikati ya mashamba na miji. Kwa hiyo huja na fosforasi na naitrojeni ya mbolea na ya maji machafu yaliyosafishwa.

Rutland Water, bwawa lililoko England, ni mfano mzuri. Tuta lake pale Empingham limeziba kijito kidogo cha Gwash, lakini sehemu kubwa ya maji hutoka mito ya Nene na Welland kwa pampu. Ujazo ni mita za ujazo milioni 124, eneo karibu hekta 1,260. Gawanya, utapata kina cha wastani cha karibu mita 10. Shika namba hiyo, kwa sababu kina kifupi na rutuba nyingi ndivyo vinavyoamua ladha ya maji, ndege watakaokuja, na kama mbwa wako ataruhusiwa kukaribia ukingo mwezi wa Agosti.

Mengine hayana hata bonde. Magharibi mwa London kuna mabwawa yaliyozungushiwa tuta pande zote kama beseni. Yale ya Staines yalifunguliwa mwaka 1902.

Kwa nini msichote mtoni moja kwa moja?

Mto hujaa pale ambapo mji hauhitaji maji mengi, na hupungua pale mji unapoyahitaji. Vibali vya kuchota huweka kiwango cha chini cha mtiririko ambacho lazima kibaki kwa ajili ya samaki na watumiaji wa chini, hivyo kujaza hufanyika zaidi majira ya baridi, mto ukiwa mkubwa.

Sababu ya pili haisemwi sana: bwawa linakupa nafasi ya kusubiri. Lori la mafuta likipinduka darajani, au mvua ya kwanza ikisomba dawa za mashambani, msimamizi anazima pampu na kuliacha wimbi la uchafu lipite. Metaldehidi, dawa ya konokono, ilisumbua sana Uingereza kwa miaka mingi kwa sababu mkaa wa kuchujia hauinasi vizuri. Njia iliyofanya kazi ilikuwa kutochota siku hizo. Matumizi yake nje ya majengo yalipigwa marufuku huko tangu mwisho wa Machi 2022. Anayechota mtoni moja kwa moja hana anasa ya kuzima pampu kwa wiki nzima.

Bwawa likiwa "asilimia 50", ina maana maji yameshuka nusu ya kina?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Bwawa lenye umbo la bakuli huweka maji mengi karibu na juu. Chukua umbo la pia, yaani koni, ncha ikiwa chini: maji yakishuka hadi nusu ya kina, kilichobaki ni moja ya nane tu, yaani asilimia 12.5. Bwawa halisi liko kati ya pia na ndoo, ndiyo maana kila bwawa lina jedwali lake la kimo na ujazo, lililopimwa kwa kipima-kina cha sauti kutoka kwenye boti. Bila jedwali hilo, rula ya kimo haikuambii kitu.

Mfano: uso wa maji ukiwa hekta 100, sentimita moja ni mita za ujazo 10,000. Kwa matumizi ya lita 150 kwa mtu kwa siku, hayo yanatosha watu wapatao 66,000 siku moja. Uso ukishanyauka hadi hekta 40, sentimita ileile inatosha watu 26,000 tu. Kimo hushuka kwa kasi zaidi kadiri bwawa linavyoisha, hata kama mji haujaongeza matumizi.

Tena si maji yote yanayotumika. Yaliyo chini ya tundu la mwisho la kuchotea ni akiba mfu, na yaliyo juu yake kidogo ni machafu kiasi kwamba mtambo huyachukua kwa kulazimika tu. Ukisoma asilimia gazetini, uliza: ni ya ujazo wote, au ya ujazo unaotumika?

Maji hukaa bwawani muda gani, na yanafanya nini humo?

Gawanya ujazo kwa matumizi ya siku. Bwawa la mita za ujazo milioni 20 linalotoa 100,000 kwa siku hushikilia maji siku 200 kwa wastani. Neno "wastani" lina uzito hapo: mdomo wa kuingizia na mnara wa kutolea vikiwa karibu, maji mapya hukata njia ya mkato na kutoka baada ya siku chache, huku ghuba ya mbali ikilala bila kuguswa. Ndiyo maana wabunifu huviweka ncha mbili tofauti.

Muda huo ni hatua ya kwanza ya usafishaji, na haina gharama ya dawa. Tope hutua. Bakteria wa kinyesi hupungua kwa mwanga wa jua, kuliwa na kukosa chakula. Naitreti, ambayo kwa maji ya kunywa haipaswi kuzidi miligramu 50 kwa lita, hupungua kwa sababu bakteria wa topeni huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni. Kinachozidi badala ya kupungua ni mwani.

Ule mnara uliosimama majini ni wa nini?

Ni mnara wa kuchotea. Una matundu kadhaa kwa vimo tofauti, kila moja na vali yake, ili msimamizi achague achote tabaka lipi. Uchaguzi huo ni kazi ya kila wiki wakati wa joto, na ukifanywa vibaya mtambo mzima hulia.

Jua la masika ya Ulaya (Machi hadi Mei) likizidi, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi. Ya chini hubaki baridi na mazito. Katikati hujitokeza tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, na upepo wa kawaida hauwezi tena kuchanganya juu na chini. Juu kuna mwanga na mwani. Chini, bakteria wanaoozesha mabaki humaliza oksijeni, kisha tope huanza kuachia chuma, manganisi, amonia na fosforasi iliyokuwa imefungwa humo.

Mpimaji hutoka na boti, anashusha kipimo mita kwa mita karibu na mnara, na kuandika joto, oksijeni, klorofili (rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani) na uchafu. Tuseme klorofili iko juu kwenye mita 0 hadi 4, halafu oksijeni inaanguka chini ya miligramu 2 kwa lita kuanzia mita 11. Tundu la kufungua ni la mita 7 au 8: chini ya mwani, juu ya manganisi. Wiki inayofuata ukosefu wa oksijeni umepanda hadi mita 9 na nafasi imebanwa. Hapo ndipo hewa huanza kupulizwa chini kwa mabomba yenye vitobo, au maji ya pampu kuingizwa kwa mdomo mwembamba unaorusha kwa nguvu ili bwawa zima lizunguke. Mabwawa kadhaa ya bonde la Thames yalijengwa na midomo ya namna hiyo tangu mwanzo.

Kosa la kawaida ni kuwasha hewa kwa kuchelewa. Ukichanganya bwawa ambalo tayari limegawanyika, unapandisha fosforasi na manganisi yote juu kwa siku chache, na umejitengenezea mwani wa mwezi mzima. Hewa iwashwe kabla tabaka halijajifunga, ama isubiriwe hadi bwawa lijigeuze lenyewe.

Kwa nini maji ya bomba hunuka udongo wakati fulani?

Ni jiosmini na methili-isoborneoli, kemikali zinazotolewa na baadhi ya sayanobakteria (bakteria wanaofanana na mwani) na bakteria wa udongo. Hazina madhara kwa viwango hivyo, lakini pua ya binadamu ni kali mno: wengi huzigundua kwenye nanogramu 10 hivi kwa lita, sawa na gramu moja katika mita za ujazo 100,000. Ni mabwawa 40 ya kuogelea ya Olimpiki kwa gramu moja.

Klorini haiziondoi. Mkaa amilifu huziondoa, ukiwa bado una nafasi ya kunasa. Nyumbani, kupoza maji kwenye friji hupunguza harufu. Kuyachemsha huifanya iwe kali zaidi mvuke unapotoka, ndiyo maana watu hulalamika zaidi juu ya chai na kuoga maji moto.

Maji meusi au ya kahawia yanayotia madoa nguo ni jambo jingine: mara nyingi ni manganisi au chuma, na huja zaidi vuli, tabaka linapovunjika na bwawa kujigeuza.

Je, kila ukijani majini ni sumu? Nitajuaje?

Si kila ukijani. Unaotia hofu ni wa sayanobakteria, kama Microcystis, Dolichospermum, Aphanizomenon na Planktothrix. Wana vifuko vya gesi, hivyo huelea. Upepo mwanana wa usiku mmoja unaweza kuwakusanya kona moja ya bwawa kama rangi iliyomwagika. Asubuhi ghuba ya mashariki imejaa povu la kijani, ya magharibi ni safi kabisa. Sampuli moja haitoshi.

Majaribio mawili ya mtu wa kawaida, ukiwa umevaa glavu za mpira:

Kijiti. Chovya na uinue. Ukitoka na nyuzi ndefu kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa nyuzi, kero tu. Kijiti kikitoka kimepakwa kana kwamba kimechovywa kwenye rangi, shuku sayanobakteria.

Chupa. Jaza chupa ya kioo robo tatu kwa maji ya chini kidogo ya uso, bila kukomba povu. Futa nje, funga, weka kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa, na uandike juu yake kwa maandishi makubwa kwamba si ya kunywa. Asubuhi ukijani ukiwa umetua chini, pengine ni mwani mwingine. Ukiwa umejipanga kama pete juu, chukulia ni sayanobakteria. Jaribio hili halipimi sumu. Linakuambia tu nani yumo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kwa mikrosistini, sumu yao inayojulikana zaidi, mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya maisha yote, 12 kwa muda mfupi, na 24 kwa maji ya michezo. Maabara pekee ndiyo yenye kusema namba hizo.

Kwa nini msitie dawa ya kuua mwani?

Salfeti ya shaba huua mwani vizuri sana, na hapo ndipo tatizo. Seli hupasuka kwa pamoja na kumwaga sumu yake majini, wakati seli nzima ingechujwa ikiwa bado imeibeba. Kisha maiti huoza na kula oksijeni, shaba ikibaki topeni.

Dawa ya kweli ni kupunguza fosforasi. Maji yenye zaidi ya mikrogramu 35 hivi za fosforasi yote kwa lita huhesabiwa kuwa yenye rutuba kupita kiasi, na mito ya tambarare mara nyingi huizidi hiyo mara kadhaa. Njia zenyewe: kuondoa fosforasi kwenye mitambo ya maji machafu kabla hayajaingia mtoni, kuacha ukanda wa majani kati ya shamba na kijito, na kutia chumvi ya chuma kwenye maji yanayoingia ili fosforasi igande na kuzama. Rutland Water imetumia hiyo ya mwisho. Matokeo huchukua miaka, kwa sababu tope la chini lina akiba ya zamani ya kutoa. Anayekuuzia chombo cha sauti kitakachomaliza mwani wa hekta 500 ndani ya wiki sita, mwombe vipimo vya kabla na baada kutoka bwawa la ukubwa huo.

Hadi yafike bombani, yanasafishwaje?

Kwa ufupi, mpangilio wa kawaida ni huu. Nyavu huzuia majani na samaki. Ozoni huvunja harufu na kudhoofisha mwani. Shabu au chumvi ya chuma hugandisha vumbi laini kuwa mabonge. Kwa maji ya mito mabonge huachwa yazame. Kwa maji ya bwawa lenye mwani ni heri kuyaelesha kwa viputo vidogo vya hewa na kuyakwangua juu, maana mwani wenyewe unapenda kuelea na kuupinga ni kupoteza nguvu. Kisha mchanga, kisha mkaa amilifu, kisha klorini: angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za mgusano, pH ikiwa chini ya 8 na maji yakiwa angavu.

Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha, haiogopi klorini. Vifuko vyake ni vya mikromita 4 hadi 6, hivyo kinga ni mchanga uliotunzwa na taa za urujuanimno, pamoja na kuweka ng'ombe na kondoo mbali na ukingo.

Masika kuna adha nyingine isiyo na sumu wala harufu: mwani wenye magamba ya silika, kama Asterionella, huziba mchanga. Chujio lililokuwa likifanya kazi siku mbili bila kuoshwa huziba kwa saa chache, na maji ya kuoshea hula sehemu ya uzalishaji wenyewe.

Mashua zinaruhusiwa, kuogelea hakuruhusiwi. Mbona kama ubaguzi?

Watu hudhani ni kwa sababu waogeleaji wanachafua maji. Uchafu wao ni mdogo ukilinganisha na ule wa shakwe elfu kadhaa wanaolala bwawani kila usiku. Sababu ni usalama.

Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu ashtuke na kuvuta pumzi bila hiari. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Mshtuko hudumu dakika moja hadi tatu. Baada ya dakika kumi hivi mikono huanza kukataa kazi, hata kwa mwogeleaji hodari. Siku ya jua kali uso unaweza kuwa na nyuzi 20 na miguu ikaning'inia kwenye baridi. Ongeza vali zinazofunguka bila honi, kingo za zege zenye utelezi wa mwani, na tope la kuzama lililofunikwa na ganda kavu maji yanaposhuka.

Waendesha mashua wana jaketi la kuelea, boti ya uokoaji na mtu anayehesabu vichwa. Baadhi ya mabwawa yamefungua kuogelea kwa utaratibu huohuo: eneo lenye maboya, saa maalumu, msimamizi, na kipimo cha mwani kila wiki. Nje ya hapo, usiingie.

Ukitumbukia kwa bahati mbaya: lala chali, masikio yaguse maji, tandaza mikono, usipigane. Pumzi ikitulia ndipo uite au uelekee ukingoni.

Injini za mafuta karibu kila mahali ni za boti ya uokoaji tu, kwa kuwa mafuta kidogo sana yanatosha kuharibu ladha ya maji mengi. Wavuvi hutumia injini za betri.

Mbwa je?

Kamba, na asinywe. Mbwa huwa wa kwanza kudhurika na mwani kwa sababu hupenda kile kibandiko kikavu cha mwani kilicho ukingoni, hunywa maji yenye povu, kisha hulamba manyoya. Mwaka 1989 kondoo na mbwa kadhaa walikufa baada ya kunywa maji ya ukingo wa Rutland Water yaliyojaa sayanobakteria. Mbwa akiingia, mwoshe kwa maji safi kabla hajajilamba. Akitapika, akitoa mate mengi au akitetemeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ileile, si kesho.

Kwa nini lazima nioshe na kukausha mashua na nyavu?

Kwa sababu ya wageni. Kome wenye milia, Dreissena polymorpha, hushikamana ndani ya mabomba tabaka juu ya tabaka hadi bomba libaki tundu dogo, na viluwiluwi vyao havionekani kwa macho. Uduvi muuaji, Dikerogammarus villosus, aligunduliwa Uingereza kwa mara ya kwanza Septemba 2010 kwenye bwawa la Grafham Water. Hula karibu kila kiumbe mdogo kuliko yeye.

Hatua ni tatu. Kagua: mishono, chini ya kiti, soli za buti, mafundo ya wavu. Osha: vifaa vinavyoweza kuvumilia, vizamishe kwenye maji ya nyuzi 45 kwa dakika 15. Kausha: hadi ndani kabisa, si juu juu. Mara nyingi mambo huharibikia kwenye begi la buti lililofungwa likiwa na unyevu. Humo uduvi huishi siku nyingi. Maji yaliyobaki kwenye kitako cha mashua yamwage nchi kavu palepale, usiende nayo.

Maji yakishuka na tope kuonekana, si maafa kwa ndege?

Inategemea mwezi. Tope linaloibuka mwisho wa kiangazi limejaa viluwiluwi vya usubi, na ndege wa matopeni walio safarini kwenda kusini hushuka kula. Hata bwawa kame la kuta za zege huwavutia: moja ya yale ya Staines likitolewa maji kwa matengenezo, watazamaji wa ndege hujipanga kwenye njia ya katikati. Mimea huota topeni, na maji yakirudi majira ya baridi mbegu zake huwa chakula cha bata.

Kupanda kwa maji wakati wa kutaga ndiko kubaya. Kibisi hujenga kiota kinachoelea lakini kimefungwa kwenye matete, kukuziwa vivyo hivyo. Kimo kikipanda sentimita 20 kwa siku mbili, mayai yanakwenda. Msimamizi anayejali huwahi kujaza bwawa kabla ya Aprili ili asilazimike kupandisha kimo Mei.

Pale kimo kisipoweza kutulia, hujengwa viziwa vya pembeni vyenye tuta na mlango wake wa maji. Rutland Water ina viziwa hivyo upande wa magharibi, na kimo chake hakifuati cha bwawa kubwa. Kwenye bwawa la Abberton, kimo cha juu kilipopandishwa mita 3.2 na ujazo kufika mita za ujazo milioni 41, zege la kingo liliondolewa sehemu nyingi na kuachwa mteremko wa polepole. Mteremko ndio wenye thamani: ukuta wima haumpi ndege mwenye miguu mifupi mahali pa kusimama.

Yale majukwaa yenye kokoto yanayoelea ni ya nani?

Ni ya buabua. Wanataka kisiwa tupu chenye kokoto, na mabwawa hayana. Kokoto zitandazwe sentimita 5 hivi, pembeni pawe na ukingo ili vifaranga wasidondoke, vibanda vidogo vya mbao vya kuwaficha, na ngazi ya mteremko kwa kifaranga aliyetumbukia. Siri iko kwenye tarehe: ukilielesha Machi, shakwe watalichukua. Lisubiri mpaka buabua wa kwanza waonekane juu ya maji.

Furukombe, Pandion haliaetus, walirudishwa Rutland Water kwa kuletwa makinda kutoka Uskoti kuanzia mwaka 1996, na walizaliana mara ya kwanza mwaka 2001. Nguzo yenye jukwaa juu, mbali na njia za watu, ndiyo iliyohitajika. Samaki walikuwapo tayari.

Kwa nini upande mmoja wa bwawa hufungwa majira ya baridi?

Bata wa kuzamia hupumzika mchana kwa makundi. Mashua moja ikipita huwarusha wote, na kila kuruka ni chakula kilichopotea siku ambazo mchana ni mfupi. Kugawa maji kwa mstari wa maboya hufanya kazi kuliko kupunguza idadi ya mashua, kwa sababu bata hawahesabu mashua. Wanajifunza mahali pasipofikiwa.

Naweza kuwalisha mkate?

Afadhali usiwalishe. Mkate usioliwa huoza, na fosforasi yake inabaki bwawani.

Kwa nini hampandi miti kwenye tuta? Lingependeza.

Lingependeza, lingevuja. Tuta la udongo lina kiini cha udongo wa mfinyanzi uliokandwa, mabega ya udongo wa kawaida, na mawe upande wa maji kupokea mawimbi. Mzizi ukifa huacha mfereji, na kivuli chake huficha kile mkaguzi anachotafuta. Majani mafupi ni chombo cha uchunguzi: alama ya kijani kibichi kwenye nyasi kavu ya Agosti inaonyesha unyevu unapopita. Mashimo ya sungura huzibwa kwa sababu hiyohiyo.

Kila tuta hupitisha maji kidogo, nayo hupimwa kwenye kizuizi chenye pengo la umbo la V. Maji angavu yanayotoka kwa kiwango kilekile hayatishi. Yakianza kuwa na tope, udongo wa ndani unasombwa, na hapo saa zinahesabika. Mtembeaji akiona maji ya tope yakitokea mguuni mwa tuta, shimo jipya juu yake, au kizunguzungu cha maji karibu na ukingo, apige namba iliyo kwenye kibao cha bwawa papo hapo; akiikosa, apige ya dharura.

Nchini Uingereza, kwa eneo la England, bwawa linaloweza kushikilia zaidi ya mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi liko chini ya sheria ya mabwawa ya mwaka 1975: likiainishwa kuwa la hatari kubwa, huwa na mhandisi msimamizi wakati wote, na mhandisi huru hulikagua angalau kila miaka 10. Sheria ya kwanza ya namna hiyo, ya mwaka 1930, ilifuata mafuriko ya Dolgarrog huko Wales mwaka 1925, watu 16 walipokufa.

Kuna kijiji chini ya maji?

Wakati mwingine. Chini ya Rutland Water kuna Nether Hambleton. Usitarajie kuona mnara wa kanisa ukichomoza wakati wa ukame: nyumba hubomolewa kabla ya kujaza, kinachobaki ni misingi. Kanisa la Normanton liliokolewa kwa kujazwa kifusi na zege nusu ya chini na kuzungushiwa tuta, ndiyo maana linaonekana limesimama majini. Mwaka 2021, maji ya kiziwa kimoja yaliposhushwa kwa ajili ya matengenezo, iligunduliwa mifupa ya ikthiosaria, mnyama wa bahari wa urefu wa karibu mita 10, aliyeishi miaka takriban milioni 180 iliyopita. Wahandisi wa bwawa walikuwa wamechelewa kidogo kuleta maji.

Mvuvi azingatie nini zaidi ya kibali?

Risasi. Vizito vya ndoana vya metali ya risasi kati ya gramu 0.06 na 28.35 vilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1987 kwa sababu bata maji huvimeza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula. Tumia tangsteni au chuma. Uzi wa nailoni ukikatika, ukusanye wote, ukate vipande vifupi na uondoke nao.

Bwawa likiganda, naweza kutembea juu ya barafu?

Usithubutu, hata ikiwa nene. Mji hauachi kutumia maji usiku wa baridi: kimo hushuka chini ya barafu na kuacha uwazi, barafu ikining'inia bila kuegemea kitu. Karibu na mnara na mabomba ya hewa huwa nyembamba kuliko ukingoni. Mbwa akitumbukia, usimfuate. Sogea pembeni ya ukingo ambapo anaweza kupanda, umwite, mara nyingi hutoka mwenyewe. Mtu akitumbukia, piga simu ya dharura kwanza, kisha lala kifudifudi nchi kavu na umfikishie fimbo, ngazi au skafu, ukiwa umeshikwa miguu na mwenzako.